Shikamoo ya Bibi

Kilichoninyima usingizi kilikuwa hiki: bibi yako mzaa mama akikuamkia shikamoo, unajibu nini? Ukikaa kimya, umemdharau. Ukisema marahaba, umejikweza juu ya aliyemzaa mama yako. Nilikuwa na shahada ya baiolojia, na shahada haikusema lolote.

Ripoti yangu ya mwisho chuoni ilihusu utafiti wa seli za ubongo katika ugonjwa wa Alzheimer. Niliweza kueleza jinsi protini moja inavyoganda nje ya seli na nyingine inavyosokotana ndani yake, seli zikapoteza viungio vya kupelekeana habari, mwishowe zikafa. Na jinsi mambo ya juzi yanavyotangulia kupotea huku ya utotoni yakibaki. Nikapata alama nzuri. Kule Ulaya, si ya Wazungu bali kijiji cha jirani na Mikumi, nyumbani kwa bibi, maarifa yale yalifaa kama mwavuli wa karatasi.

Bibi aliniona mimi ni shangazi yake aliyemlea. Ananipigia goti, "Shikamoo, shangazi," nami nimesimama na ndoo mkononi nawaza: huenda ni Alzheimer, huenda ni tezi ya shingo, huenda ni upungufu wa vitamini, na baadhi ya hayo yanatibika. Bila vipimo nitajuaje? Basi nawaza tena, na ndoo bado iko mkononi.

Mjomba hakuwa na shida ya kuwaza. Ana duka la vipuri vya pikipiki Mikumi, na kwa kuwa anajua kinachoharibika kwenye injini, anaamini anajua kinachoharibika kwenye kila kitu. "Mzee akimwamkia mtoto," alitutangazia, "anamhamishia uzee wake. Huo ni uchawi." Tangu siku hiyo, akija kwa mama yake aliingia kwa mlango wa jikoni, na kitambi kile, akinyata kama mwizi wa kuku ili asiamkiwe. Huyo ndiye aliyejiita kichwa cha familia.

Jumamosi moja alikuja na bodaboda ampeleke bibi kwa mganga wa kijiji cha Vidunda, akanyolewe na kuapishwa kuacha uchawi.

"Shikamoo, mjomba. Bibi ni mgonjwa, si mchawi."

"Marahaba. Umempima?"

"Bado."

"Basi nyamaza, profesa wa seli. Kazi huna, mume huna, unifundishe mama yangu?"

Majirani walicheka. Akageuka kuwatazama mmoja mmoja, kuhakikisha wote wamecheka.

Bibi alikumbatia nguzo ya baraza, akakataa kupanda. "Baba, mimi sikujui," alimwambia mwanawe wa kumzaa. Mjomba akaanza kumvuta mkono. Ndipo bibi aliponiona, akapiga goti huku bado ameshika nguzo.

"Shikamoo, shangazi. Huyu mtu anataka kunichukua."

Watu wote wakaningoja. Mjomba akatabasamu. Alinijua: nitawaza mpaka pikipiki iondoke.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Huendi naye. Vaa kandambili zako, tunakwenda hospitali."

Bibi aliachia nguzo papo hapo. Bibi alipopita mbele yake, mjomba akarudi nyuma haraka akigeuza uso, asije akaamkiwa na yeye. Hakuna aliyecheka safari hii, ila mimi, kidogo.

Nikampandisha bibi kwenye bodaboda ile ile, nikakaa nyuma yake nikimshika kiuno, watu watatu tumepangana kama mishikaki, na kumwambia dereva atupeleke Mikumi.