Miezi Mitatu Niliyomnyima Papa Konrad

Siku inayonirudia kila nikikaa mbele ya kurasa, mwanangu, ni Jumamosi moja ya Agosti 2017, huku Randburg, Johannesburg, nilipomkabidhi Papa Konrad kitabu chake naye akakishika kichwa chini. Nakuita mwanangu ingawa sijafika miaka arobaini. Umekuja kwangu kujifunza kazi hii, na kabla sijakuonyesha chochote nataka ujue nilichofanya.

Papa Konrad alikuwa Mjerumani, mchapishaji wa vitabu. Baba yake alikuwa na kiwanda cha chapa huko kwao. Kiliteketea vitani, na Konrad mdogo akaanza kazi kwa kuokota kwenye majivu herufi za kupigia chapa, zile za madini ya risasi. Ujanani alikwenda Bukavu, kwetu Kongo, kufundisha vijana wa misheni kupiga chapa, akakijua Kiswahili chetu kuliko watoto wangu waliozaliwa hapa wanavyokijua. Baadaye alihamia Johannesburg akafungua ofisi ndogo ya vitabu: vya nyimbo za kanisani, vya watoto wanaoanza kusoma, vya watu ambao hakuna mwingine angekubali kuwachapisha. Zaidi ya miaka arobaini alitoa maneno ya wengine.

Mimi aliniokota getini. Nilikuwa mlinzi wa jengo lake, naishi Malvern, na kazi ya kupanga kurasa nilijifundisha mwenyewe kwenye kompyuta ya kukodi pale Jules Street; alipojua, akanipa vitabu vyake nivipange. Sina cheti hata leo. Mtu wa namna yangu huishi akingoja siku ya kuumbuliwa. Nilisoma kila ukurasa mara tano kabla kazi haijaenda kwa mpiga chapa.

Alipofika miaka themanini na moja, aliamua kuandika chake. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, wengi waliomo humo hawakujua Kijerumani. Kingekuwa kitabu chake cha mwisho kabla ya kufunga ofisi. Macho yake yalikuwa yanaondoka. Daktari alimwambia huenda yakafika Krismasi.

"Nataka kukisoma mwenyewe, kama mtu aliyekinunua dukani," aliniambia. "Mara moja tu. Halafu macho yaende zake."

Mwezi Mei alitia sahihi kwenye prufu ya mwisho, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa. Kwake hiyo ilikuwa sheria aliyoachiwa na baba yake: sahihi ikishawekwa, hakuna anayegusa hata nukta. Kazi yangu ilikuwa kupeleka faili kwa Mussa, Mtanzania mwenye mashine ya chapa kule Turffontein. Nikiwa kwenye foleni ya teksi niliichungulia prufu mara moja zaidi. Nafasi juu ya sura ya nne ilikuwa kubwa kuliko ya sura nyingine, labda kwa unene wa ukucha. Nikatoka kwenye foleni nikarudi nyumbani.

Niliirekebisha ile, nikaona nyingine. Nikaanza kusoma upya tangu mwanzo. Papa Konrad alipouliza, nilimwambia mashine ya Mussa imeharibika. Uongo ulinitoka kirahisi mpaka nikajishangaa. Mussa naye hakuacha kunipigia: "Kaka, faili liko wapi? Au unaandika Biblia mpya?" Namjibu bado kidogo. Juni ikapita, ikaja Julai na baridi yake. Nilimwona Papa Konrad akisogeza gazeti karibu na pua. Baadaye nikaona ameacha kununua gazeti. Niliona, mwanangu. Nilijiambia Krismasi iko mbali.

Faili lilimfikia Mussa mwanzoni mwa Agosti. Basi Jumamosi ile nilipomletea kitabu alikishika kichwa chini, akakinusa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa jalada.

"Limetoka rangi gani?"

"Ile ile uliyochagua, Papa. Kahawia."

"Vizuri. Nipigie Mussa. Weka sauti kubwa nimshukuru. Ameteseka na ile mashine."

Ningeweza kusema simu haina chaji. Nilipiga.

"Mzee wangu! Shikamoo!"

"Marahaba, Mussa. Pole na mashine."

"Mashine ipi tena, mzee?"

"Hiyo iliyoharibika tangu Mei."

Mussa akacheka. "Eish, mzee, mashine yangu haijalala hata siku moja! Huyo kijana wako ndiye aliyelikalia faili. Nikimwambia lete, ananiambia bado nukta moja. Nikadhani wewe ndiye mkali."

"Ndiyo," Papa Konrad alisema. "Mimi ni mkali. Asante, Mussa."

Nikakata simu. Alikuwa amenigeuzia uso, lakini alitazama pembeni kidogo ya mahali nilipokaa.

"Ulikuwa unatafuta nini humo?"

"Makosa, Papa."

"Uliyapata?"

"Saba."

"Saba," alirudia. "Ningeyasoma yote kwa furaha."

Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Hakuniinua, wala hakunifukuza. Alinyoosha mkono wenye kitabu akasema, "Soma." Nilipofika kwenye yale majivu ya kiwanda cha baba yake, nilikifunga kitabu. "Endelea," akasema. Nilimsomea kila Jumamosi hadi kikaisha, kisha akataka tuanze tena, na ikawa hivyo mpaka alipofariki mwaka 2019. Neno la msamaha halikumtoka, nami sikuthubutu kuliomba mara ya pili. Watu wakinisifu kwamba kitabu kile hakina kosa hata moja, sijui niwajibu nini.

Sikukatazi kuwa makini, mwanangu. Soma mara mbili, soma mara tatu. Lakini kazi ikishapata sahihi, iachie. Ukiona mkono wako unairudisha tena, jiulize unamhudumia nani. Mimi nilisema namheshimu Papa Konrad, kumbe nilikuwa naihudumia hofu yangu ya kuchekwa, na mzee wa watu akalipia kwa macho yake. Na ukichelewa, sema umechelewa. Mwambie mwenye kazi siku hiyo hiyo, hata kama atakufokea. Papa Konrad angejua ukweli, angetuma mtu alichukue faili siku hiyo hiyo, na kitabu chake angekisoma.

Mungu akupe watu wanaoisubiri kazi ya mikono yako, na akuwezeshe kuifikisha wakiwa bado wanaweza kuiona.