Mkono Ndani ya Gunia

Mama wa depo ya chakula cha kuku, hapa Musonoi, hapiti gunia bila kuzamisha mkono mpaka kiwiko. Mahindi yakiwa baridi, analipiga gunia kofi na kuendelea. Magunia yake hulala juu ya mbao, mbali na ukuta, isipokuwa moja alilolisahau mwenyewe wakati wa mvua. Leo alilikuta lina joto na ukungu wa kijani. Mteja mmoja, baba mfugaji, akalitaka hivyo hivyo.

“Mama, nitaanika ku jua. Ni ya bakuku tu.”

“Jua inakausha maji, tata, sumu inabakia. Na mayayi ya ile kuku, nani atakula?”

Akayamwagia mahindi yote ya gunia hilo mafuta ya taa, wapika pombe wasije wakayaokota jalalani. Akanawa, kisha akazamisha mkono katika gunia lililokuwa kando yake.