Mdanzi wa Baba Mdogo

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, nilisikia shoka shambani kwangu Kisarawe. Nilikuwa naitia saa yangu ufunguo. Niliiacha mezani nikakimbia.

Baba mdogo alikuwa ameshafika nusu ya shina la mdanzi, mchungwa wa matunda makali.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sogea, usije ukaangukiwa bure."

"Mbona unakata bila kuniambia?"

"Nikuambie kama nani? Udongo wako, mti wangu."

Ilikuwa kweli. Kwetu ardhi hurithiwa mbali na miti hurithiwa mbali. Babu aliponigawia shamba, mdanzi ule alimpa yeye. Sasa alitaka mipini ya majembe. Nikamwomba aniuzie ukiwa umesimama. Akacheka.

"Madanzi haya hata nyani wanayatema! Utayala wewe, msomi?"

Mti ukaanguka. Siku ile niliudhika kwa kudharauliwa tu.

Kando yake nilikuwa na mibalungi arobaini, yote nimeibebesha macho, yaani vichipukizi, ya mti mmoja, mtamu kuliko mingine. Ilikuwa imezaa misimu miwili, na mavuno ya msimu wa tatu na wa nne ndiyo yangeezeka nyumba yangu kwa mabati. Miti ikachanua mpaka njia nzima ikanukia. Kisha maua yakapukutika. Nilikagua mti mmoja mmoja: shamba zima, mabalungi saba.

Bwana shamba wa serikali, Mwafrika mwenzangu aliyevaa kaptula ya Mwingereza, alisema nitie samadi bila hata kushuka kwenye baiskeli. Nikatia.

Baba mdogo naye akaja na dawa yake. Akaligonga shina la mbalungi mmoja kwa bapa la shoka, akapiga kelele: "Usipozaa, nakukata!" Desturi inataka mwenye mti aombe, "Usimkate, mwakani atazaa." Akaningoja.

"Sema basi, mwanangu."

Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitamtukana ndugu wa baba yangu.

Jibu nililipata katika kitabu cha kilimo nilichoazima misheni. Chembe ya unga wa ua ikitua kwenye ncha ya kike, huchipua mrija mwembamba kuliko uzi wa buibui, ukashuka kuitafuta mbegu changa. Kwenye mbalungi, mrija wa unga wa mti wenyewe hukwama njiani. Na miti arobaini iliyotoka kwa mama mmoja ni mti mmoja. Nyuki walikuwa wakiniletea unga kutoka kwenye mdanzi.

Msimu uliofuata nilikwenda kijiji cha Sofu kwa baiskeli, nikarudi na maua ya mdanzi ndani ya kopo. Nilifunga maua ishirini kwa karatasi kabla hayajafunguka. Kumi niliyapaka unga wa mibalungi yangu, kumi unga wa Sofu. Yale ya kwanza yalianguka yote. Ya pili yalishika sita. Maua mengine shambani, maelfu, yalikuwa chini yakioza. Mkono mmoja haupaki miti arobaini.

Nilimwita baba mdogo, nikamwonyesha vitunda sita.

"Kumbe!" akasema. "Sasa si ungeniambia?"

"Nilikuomba uniuzie."

"Hukusema ni mume wao."

Alikuwa akitabasamu. Nikamwambia asikanyage tena shambani kwangu, na kwa miaka minne hatukula sahani moja, hata Idi. Nyumba ikabaki ya makuti. Hasara ya mavuno mawili, kwa bei ya mchuuzi aliyekuwa akinunua kwangu: shilingi mia mbili na kumi na sita.