Mahindi ya Nafisa

Zuena wa Matisi, mtaa wa mji wa Kitale, hana cheti cha ualimu, na ukimwita mwalimu atakwambia ana cherehani, si chaki. Anashona yunifomu. Lakini nenda Matisi Jumamosi, saa ya watoto kutoka madrasa, uone kama utapata pa kuweka mguu nyuma ya duka lake. Watoto wa msikitini, watoto wa kanisani, hata wale waliotoroka kufua soksi, wote wamebanana kwenye mikeka wanagombania vitabu. Mwaka wa kwanza walikuja watatu tu, na wawili kati yao walifuata mandazi.

Aligundua kwamba mtoto akisema hapendi kusoma, mara nyingi anachochukia ni kile kitabu cha shule chenye maswali chini. Basi akawatafutia njia nyingine. Mkaidi alipewa hadithi ya picha. Asiyetulia alipewa mchezo wa kuigiza, acheze fisi mpaka koo likauke. Wengine aliwasomea kwenye simu, akarekodi, akatuma kwenye kikundi cha wazazi ili mtoto asikilize huku akifuata maandishi kwa kidole. Wazazi waliokuwa wakimcheka wakaanza kuulizana mbona hadithi ya wiki haijafika. Kikundi hicho ndicho kilichomponza.

Mgumu kuliko wote alikuwa Nafisa, wa miaka tisa, binti ya Nasro muuza mitumba. Ukimpa kitabu anakishika kama amepewa dawa chungu. Miezi mitano Zuena alihangaika naye, akajaribu za sungura, za majitu, za wasichana wanaoendesha ndege, wapi! Siku moja akamkuta anachora nyuma ya kalenda ya zamani. Akampigia mistari, vyumba sita, akamwambia aweke hadithi humo, kila chumba na maneno yake. Mtoto aliinama saa nzima. Alipomaliza akaisoma mwenyewe kwa sauti, kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, kisha akairudia bila kuambiwa. Zuena alienda nyuma ya pazia akajifuta macho, na haoni aibu kulisema hilo.

Ilikuwa hadithi ya mahindi mabovu. Mwanamume anayamwaga kwenye beseni, anayapaka rangi ya waridi kama ya mbegu za dukani, anayaanika juu ya turubai, anayatia kwenye pakiti mpya. Chumba cha tano, mkulima ananunua huku anacheka. Chumba cha sita, shamba ni udongo mtupu na mkulima ameketi chini. Kila punje Nafisa aliichorea tundu dogo la mdudu. Zuena alilisifu lile tundu kuliko vyote. Akasema huyu mtoto ana kipaji cha kutunga, haki ya Mungu.

Akairekodi mwezi wa tatu, watu wakiwa mbioni kununua mbegu. Sasa, Zuena alikulia Bungoma mjini, katika nyumba ambayo redio ya salamu haikuzimwa, na anajua mtu akitajwa anatajwa kamili: jina, mzazi, na mahali anapokaa, isije sifa yake ikachukuliwa na mwingine. Hivyo ndivyo alivyozimaliza hadithi zote za watoto wake. Akasema: imetungwa na Nafisa binti ya Nasro, wa hapa Matisi, ploti ya geti la bluu, mkabala na stoo ya mbegu. Lo! Mtu mzima na akili zake timamu, akatamka maneno hayo na hakusikia alichosema.

Mwezi wa nne ukiingia katikati, simu ikaja kutoka Mabanga, kule karibu na Bungoma. Aliyepiga alijitambulisha kuwa Wabwile, mkulima. Mama mmoja wa kikundi ana dada yake Kimilili, na dada ana shemeji huko Mabanga. Hadithi ilikuwa imepita simu hadi simu. Akauliza hali ya watoto kwa adabu zote. Kisha akaeleza kwamba amepanda ekari mbili, leo ni siku ya kumi na nne, na hakuna jani hata moja. Majirani zake wanne ni hivyo hivyo, na wote walinunua mbegu Kitale. Alipofukua punje akazikuta zimetobolewa.

"Mama," akasema, "hii hadithi ni ya kutunga ama ni ya kuona?"

Zuena akamwambia atampigia. Alipomwita Nafisa na kumuuliza polepole alikoipata hadithi yake, mtoto akajibu bila wasiwasi kwamba ukisimama juu ya ndoo chooni kwao, unaona uani kwa Noah. Akaongeza kwamba turubai lenyewe ni kubwa kuliko alivyolichora.

Noah ndiye mwenye stoo ile, na ndiye mwenye nyumba za ile ploti anakopanga Nasro. Si mtu wa kelele. Huwasalimu watu kwa majina, na huulizia wagonjwa. Lakini mwaka juzi kibarua wake mmoja alianza kuropoka hotelini habari za pakiti, na kesho yake akawa hayupo Matisi. Godoro lake lilibaki, viatu vyake vilibaki. Watu walisema amerudi kwao, na hakuna aliyeuliza kwao ni wapi.

Zuena aliifuta ile rekodi kikundini, lakini utafuta kwenye simu ngapi? Alilaani ulimi wake, akaenda kwa Nasro, wakafunga mlango. Wakakubaliana kwamba Jumapili Nafisa apelekwe kwa shangazi yake Bungoma, asomee huko mpaka mambo yatulie. Wabwile naye aliombwa asiende kushtaki kabla ya Jumatatu, mtoto akiwa ameshaondoka, na akakubali, ingawa alitaka kurudishiwa pesa anunue mbegu nyingine, na siku za kupanda upya zilikuwa zinamwishia. Yeyote atakayeuliza ataambiwa hadithi aliitunga Zuena, jina la mtoto lilikuwa la kumtia moyo tu. Mtoto mwenyewe hawakumwambia neno. Nasro aliogopa ataropoka. Kwa Nafisa ikasemwa ni likizo.

Jumamosi akalia kwamba hataki kuondoka bila kuwaaga wenzake. Nasro akampa saa moja. Zuena alipomwona anaingia, alitamani kumrudisha nyumbani, lakini angemfukuzaje mtoto mbele ya wenzake? Akamkalisha nyuma kabisa, kati ya wasichana wakubwa.

Noah alikuja saa nne na nusu, amebeba katoni ya madaftari. Akavua viatu mlangoni. Akasema amesikia sifa, naye ni mzazi, akaketi kwenye benchi fupi la watoto magoti yakimfikia kifuani. Aliwauliza wanapenda hadithi za aina gani, akacheka walipocheka. Halafu akatoa simu, akaicheza ile rekodi yote mbele yao, mpaka kwenye geti la bluu. Watoto wakapiga makofi. Yeye hakupiga.

"Nimemletea huyu mtunzi zawadi," akasema. "Ni nani hasa?"

"Ni mimi," Zuena akajibu kabla mtoto yeyote hajageuza shingo. "Hadithi ni yangu. Huwa naweka majina ya watoto, wafurahi. Niliota tu kichwani, kama zile zingine."

Noah akasema hata yeye alishangaa, mtoto mdogo atayajulia wapi mambo ya rangi na turubai. Akasema hadithi nyingine huharibu biashara za watu, na mwalimu mwenye busara huchagua za kusoma. Zuena akakubali kwa kichwa. Angekubali lolote. Noah akaacha katoni juu ya mkeka, akainuka, akaaga vizuri, akaenda mlangoni akaanza kutafuta viatu vyake kati ya vile vidogo. Zuena akaanza kupumua.

Nafisa alikuwa amesimama. Uso ulikuwa umemwiva, machozi yako karibu, na wasichana wakubwa walikuwa wanamvuta sketi aketi. Miaka tisa yote hakuwahi kuwa na kitu cha kusifiwa isipokuwa kalenda ile moja.

"Si yako, tichaa," akasema. "Ni yangu. Na sikutunga. Mimi niliona."

Noah, kiatu kimoja kikiwa mguuni, akakivua tena. Akarudi akaketi kwenye lile benchi fupi, akamwambia mtoto asogee karibu aeleze yote vizuri, kwa sababu yeye ana muda.