Viti vya Nancy

Kiti cha kwanza cha Nancy, Kokwijuka alikwenda kukinunua akiwa na mdomo uliovimba upande mmoja na mimba ya siku za mwisho. Zabibu, mwanamke aliyeuza vitu vya watoto vya mtumba pale mtaa wa Bakoba, aliuona ule mdomo. Akautazama kidogo, akahamisha macho, akaanza kuzungumza habari za kiti.

"Hiki ni cha mtoto mchanga," alisema. "Unakifunga siti ya nyuma, na mtoto anatazama alikotoka. Watu wataona kama umempa adhabu. Lakini gari likigonga, kiti ndicho kinachompokea, kichwa na shingo kwa pamoja."

"Nitajuaje kama hakijapata ajali?"

"Aliyeniuzia namfahamu, na gari lake nalifahamu. Nisichojua kilikotoka sikuuzii."

Kokwijuka alikuwa na duka la dawa za mifugo, na kila wiki alipeleka mzigo kwa wafugaji wa Muleba kwa gari lake dogo. Alijua kwamba akishajifungua, mtoto atasafiri naye. Mumewe, Avit, alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu wa sauti nzuri katika kwaya ya kanisani na mkono mwepesi nyumbani. Alipokiona kiti, kwanza alicheka.

"Koku, mtoto ana mapaja ya mama yake. Hili ni nini, tenga la kuku?"

Kokwijuka hakujibu, na kule kutojibu ndiko kulikomuudhi. Avit akakinyakua kiti, akakitupa shambani, kikaangukia kwenye majani makavu chini ya migomba. Kokwijuka akakifuata, akakigeuzageuza kuona kama kimepata ufa, akarudi nacho ndani. Alipigwa mkanda wa suruali mpaka akapiga magoti, mikono yote miwili ikiwa imezunguka tumbo. Kiti kilibaki.

Nancy alizaliwa salama. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia vitu siku walipotoka Muleba kwenye sherehe ya kumuaga binti wa ukoo wa Avit. Avit alikuwa amekunywa rubisi, pombe ya ndizi, tangu asubuhi, na ufunguo wa gari alikataa kuutoa. Walipokaribia Muhutwe akaanza kumuuliza mkewe kwa nini alimchekea mwanaume aliyekaa naye meza moja.

"Sijamchekea mtu, Baba Nancy. Tazama barabara."

Akampiga kiwiko cha pua. Kokwijuka akainua mkono kujikinga, akapigwa tena, na safari hii macho ya Avit yalikuwa kwake, si kwenye kona iliyokuwa mbele yao. Gari liliacha lami, likagonga jiwe, likapinduka. Baadaye Kokwijuka alikumbuka sauti tu: bati likijikunja, vioo vikimwagika kama mchele juu ya sakafu, kisha mlio wa migomba ikivunjika mmoja baada ya mwingine.

Gari lilitulia matairi yakiwa juu. Mfupa wa mtulinga wa Kokwijuka ulikuwa umekatika na kuinua ngozi. Alimwona Avit akitambaa kutoka dirishani, damu ikimchuruzika, akapanda ukingo kuelekea barabarani. Hakugeuka.

Nyuma, Nancy alikuwa ananing'inia ndani ya kiti chake kichwa chini miguu juu, analia kwa hasira. Mwanamke aliyekuwa akipalilia karibu na hapo alikuja mbio, akaingiza mwili nusu garini.

"Mshike kwanza kwa mkono mmoja, mama," Kokwijuka alimwelekeza, "ndipo ubonyeze hicho kifungo chekundu."

Yule mwanamke akafanya hivyo. Akampapasa mtoto kichwa, mbavu na miguu. "Waitu, omwana mzima. Hana hata mchubuko."

Kutoka hospitali Kokwijuka hakurudi kwa Avit. Alikwenda Kitendaguro kwa mama yake, Celina. Alifika polisi, dawati la jinsia. Avit akaitwa, akaonywa, akalala mahabusu kidogo, akatoka. Gari lilinyooshwa na mafundi. Kiti hakikuwa na ufa hata mmoja, na bibi yake Nancy aliona ni ufujaji kukitupa, lakini walipokifikisha kwa Zabibu, yeye alichukua mkasi akaikata mikanda yake mbele yao, ili hata mpita njia asikiokote.

"Kimeshafanya kazi yake mara moja," alisema. "Hakifanyi ya pili. Kilichovunjika ndani hukioni kwa macho."

Kiti cha pili kilikuwa kikubwa zaidi, cha aina inayoweza kutazama nyuma na, wakati ukifika, kugeuzwa mbele. Nancy alipotimiza miaka miwili, majirani walimcheka Kokwijuka kwamba mtoto amekunjwa miguu kama chura. Alirudi kwa Zabibu kuuliza.

"Usihesabu miaka, na miguu usiitazame," Zabibu alimwambia. "Mguu uliovunjika hupona. Shingo je? Tazama kichwa. Kikikaribia ukingo wa kiti, hapo mgeuze."

Ikapita zaidi ya mwaka ndipo kichwa kilipofika. Zabibu mwenyewe alikigeuza kiti, akapandisha mikanda ilingane na mabega ya mtoto, akaufinya mmoja kwa vidole viwili. "Ukiweza kuukunja hivi, bado umelegea. Kaza." Nancy alikuwa hajawahi kuiona barabara ikija. Njia nzima ya Muleba alitaja kila alichokiona: ng'ombe, pikipiki, mtu na mkungu wa ndizi kichwani. Kokwijuka alicheka mpaka mtulinga ukamuuma.

Wakati huo Avit alikuwa ameanza kutuma maneno kupitia watu. Mtoto ni wa ukoo wetu. Mtoto halelewi kwa wajomba.

Siku moja asubuhi Kokwijuka aliegesha mbele ya duka la mteja wake Lameki, jirani na soko la Muleba, pua ya gari ikitazama uwanja. Alikuwa nyuma ya gari akishusha katoni aliposikia kioo kikipasuka. Avit alikuwa amelivunja dirisha kwa jiwe na kuingiza mwili hadi kiunoni. Alimshika Nancy mkono akavuta, mtoto akapiga yowe, kiti hakikumwachia. Avit hakuwahi kumfunga mwanawe hata mara moja, hakujua kifungo kilipo. Alivuta tena, akatukana, kisha akatoa kisu akaanza kuikata mikanda.

Kokwijuka alishika spana ya magurudumu iliyokuwa kwenye buti. Pigo la kwanza lilitua mgongoni. Avit akageuka, kisu kikamwingia Kokwijuka chini ya bega, kikatoka, kikarudi. Pigo la pili lilivunja kifundo cha mkono wa Avit na kisu kikaanguka. Kokwijuka hakusimama hapo. Alimpiga usoni, na alipoanguka alimpiga tena, akisikia mfupa ukiachia, na ndani yake kulikuwa na kitu kama shibe.

"Anaiba mtoto," mtu alisema, na soko likahamia pale. Walimpiga Avit kama watu wanaopura maharage, kwa magongo, kwa mawe, kwa visigino vya viatu. Jicho lake moja lilipasuka. Alijikunja mbele ya gari, akanyooshwa kwa mateke, akajikunja tena. Mmoja akapaza sauti petroli iletwe. Kokwijuka aliegemea gari, damu yake ikishuka mpaka kwenye vidole, akatazama. Hakumwonea huruma. Alitaka iletwe.

Kisha akageuza macho ndani ya gari. Mkanda mmoja ulikuwa umekatwa na mwingine ulikuwa umemshika Nancy vilevile, mgongo wima, uso mbele, bila pa kugeukia. Kioo cha mbele kilikuwa wazi na safi. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa anatazama.

Kokwijuka alijitupa mbele ya kile kioo na kutanua mikono, akaona haitoshi, kioo ni kipana kuliko yeye. Ndipo akaingia katikati ya watu na kusimama juu ya Avit, mguu huku na mguu huku.

"Mwacheni."

"Mama, si huyu aliyekuchoma kisu?" aliuliza mwanaume mmoja, jiwe mkononi.

"Ndiye. Mwanangu anaona. Ni baba yake."

Jiwe la mwisho lilikuwa limesharushwa. Lilimpata yeye gotini. Baada ya hapo mikono ikaanza kushuka, na Lameki akaja na polisi.

Avit alipoteza jicho na akafungwa. Mkono wa kushoto wa Kokwijuka haukupanda tena juu ya bega. Nancy alikaa muda mrefu bila kusema zaidi ya anachohitaji, na kila alipowekwa kwenye kiti alitapika, akang'ata mikono ya mama yake, akaomba ageuzwe nyuma kama zamani. Kokwijuka alimpeleka kwa Zabibu.

"Kichwa kimeshapita ukingo," Zabibu alisema. Alikuwa analia, lakini hakubadili neno. "Nikimgeuza, nawadanganya wewe na yeye. Mchukulie kingine cha kutazama mbele, chenye mikanda yake yote."

Wakakichukua. Njiani Kokwijuka alimfunika Nancy kanga kichwani na kumsimulia barabara kwa sauti. Sasa tunapita Kemondo. Sasa kuna mbuzi watatu, mmoja mkaidi. Walisafiri hivyo wiki nyingi. Kanga ilishuka hadi puani, ikashuka hadi shingoni, siku moja ikabaki nyumbani na hakuna aliyeiulizia.

Mabega ya Nancy yalipoipita mikanda ya kiti kile, Zabibu aliwatolea cha kumwinua tu, ili mkanda wa gari wenyewe upite katikati ya bega na juu ya nyonga, usimkate shingo wala kumbana tumbo. Nancy alikijaribu mwenyewe, akachagua cha kijani.

Avit alitoka gerezani na kuomba, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii Muleba, amwone mtoto. Kokwijuka alimpeleka, akakaa mlangoni. Avit alikuwa amekonda, jicho moja limefumba.

"Unanijua?" aliuliza.

"Nakujua," Nancy alisema.

"Unaniogopa?"

"Ndiyo."

Avit akainamisha kichwa. Afisa alipomuuliza Nancy kama angependa kumwona tena, alifikiri. "Hapahapa," alisema. "Mama akiwa mlangoni."

Kokwijuka alikuwa ametumaini atakataa. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, akaimeza, akaitikia kwa kichwa. Garini Nancy alipanda kwenye kiti chake cha kijani, akauvuta mkanda, akaufunga. Kokwijuka aliufuatisha mkanda ule kwa macho, kutoka bega hadi nyonga, asiuguse. Ndipo akawasha gari.