Siku Niliyoacha Kufukuza Ndege

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi Nyamwage kwa mama, na taratibu nikaacha kuongea. Sikuwa nimemkasirikia mtu. Maneno yalikuwepo, ila kuyatoa kulinichosha kama kuvuta ndoo kisimani. Chakula nilikichokoachokoa nikakiacha. Mama alinipeleka kwa shehe, nikasomewa. Alipoona hali ni ileile akanipandisha basi hadi Kibiti, kwenye kliniki ya vijana iliyokuwa na mradi mpya.

Nesi wa pale alikuwa dada mwenye sauti ya chini. Alinifunga saa nyeusi mkononi, akaingiza programu kwenye simu yangu.

"Saa hii inapima usingizi na mapigo ya moyo," alisema. "Na humo kwenye simu kuna akili mnemba. Iandikie wakati wowote, itakujibu. Mimi nitakuwa nasoma muhtasari wake."

Kusema kweli nilifurahi kidogo. Nilijua sitalazimika kuongea na mtu.

Mpunga ulipotoa masuke, ilibidi mtu ashuke bondeni kuamia ndege wasiumalize. Miaka yote tulikwenda wawili, mimi na mama. Mwaka ule bibi alikuwa mgonjwa wa kitandani, hawezi hata kujigeuza, na mama hakuweza kumwacha. Nikaenda peke yangu, nikawa nalala hukohuko. Tangu kwelea wanapoamka hadi wanapokwenda kulala nilikuwa juu ya dungu, kibanda chetu cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo, nikigonga makopo, nikirusha udongo kwa kombeo, nikipaza sauti. Shamba la pili kulikuwa na mtu pia. Sikumwona kwa urefu wa mpunga, nilimsikia tu. Ndege akiwafukuza walikuja kwangu, nami nikawarudisha kwake. Ujirani wetu ulikuwa huo.

Jioni nilipanda kwenye kichuguu ambako mtandao ulishika, na ujumbe ukaingia: "Hongera. Umelala vizuri na mwili wako umechangamka. Endelea hivyo."

Ni kweli nililala fofofo. Mikono ilikuwa imechoka kwa kombeo.

Niliijibu ile akili mnemba kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumjibu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, kama cha mtangazaji wa redio.

"Leo umezungumza na nani?" iliniuliza siku moja.

"Na ndege," nikaandika.

"Inapendeza kuwa karibu na viumbe. Unajisikiaje?"

Nililitazama swali lile hadi kioo kikazimika. Nilitaka kuandika kwamba wakati mwingine napiga kelele hata ndege wasipokuwepo, nisikie tu sauti ya mtu. Nikawasha simu, nikaandika: "Vizuri."

Basi huko Kibiti nesi akasoma kwamba naendelea vizuri, akampigia mama kumpa habari hiyo. Mama akamshukuru Mungu, akatulia na mgonjwa wake.

Asubuhi moja niliamka nikashindwa kuinuka. Sikuumwa popote. Nililala ubavu nikawaona kwelea wakishuka, kundi baada ya kundi, mabua yakainama kwa uzito wao. Nilijua ni chakula chetu cha mwaka kinaliwa, na sikujali. Ndilo lililonitisha baadaye, kwamba sikujali. Mkononi saa ilionyesha moyo umetulia.

Jua lilikuwa limepanda nilipoona mpunga ukitikisika. Akatokea mama wa makamo, kajifunga kanga kiunoni, miguu imejaa tope.

"Hodi hapo juu. Mwanangu, mbona leo kimya? Nafukuza ndege kwangu, naona hawarudi."

"Shikamoo," nilisema. Sauti ilitoka imekwaruza.

"Marahaba. Unaumwa?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Sijui."

Alipanda ngazi, akaketi karibu nami, akanishika paji la uso. Hakuuliza zaidi. Alichukua makopo yangu akaanza kuyagonga, na shamba lake likaliwa wakati analinda letu. Mimi nikalia. Alinipa maji, akaendelea kugonga.

Kesho yake alinisindikiza hadi nyumbani, akamweleza mama. Wifi yake mama akaja kukaa na bibi, nasi tukapanda basi kwenda Kibiti. Nilipomaliza kumsimulia, nesi aliufungua muhtasari wangu, akausoma tena.

"Kwenye muhtasari ulikuwa mzima," alisema.

"Niliandika hivyo."

"Kuanzia leo uje mwenyewe. Tuonane."

Alinipeleka kwa daktari, nikaanzishiwa dawa. Mavuno yalikuwa haba upande mmoja wa shamba, lakini tulikula. Bibi alifariki kabla ya mvua. Mradi ulipofungwa nilirudisha saa.

Msimu uliofuata niliposhuka bondeni, shamba la pili lilikuwa limeota magugu. Nilisikia yule mama amehamia Ikwiriri kwa binti yake. Sikuwahi kumuuliza jina.

Kibiti bado naenda. Siku nyingine mimi na nesi tunaongea sana, siku nyingine tunakaa tu na feni inazunguka, halafu naaga, natoka barabarani kungoja basi la kurudi.