Nukta Thelathini na Nne Zenye Jina Langu

Nilirudi kazini baada ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu, nikakuta nimefanya kazi miezi yote mitatu.

Wala sitanii.

Sisi ni watengeneza programu, watu sita kwenye chumba kimoja, feni moja, na ukutani skrini kubwa ambayo bosi anaipenda kuliko anavyotupenda sisi. Inaonyesha historia ya kazi yetu. Kila ukibadilisha kitu inatokea nukta: jina lako, saa, na maneno mafupi ya ulichofanya. Nukta zinaungana kuwa mstari.

Bosi anahesabu nukta. Kwake, asiye na nukta ni mzigo.

Asubuhi hiyo hata mkoba sijauweka chini, akanielekeza ukutani.

"Mama, Ijumaa saa nne asubuhi, kwenye programu ya zahanati, umefuta sehemu yote ya kukumbusha tarehe za chanjo. Kwa nini?"

"Mimi? Ijumaa saa nne nilikuwa kliniki, mtoto anapimwa uzito!"

"Usinichezee akili. Una nukta thelathini na nne tangu uende likizo, nilikuwa hata nakusifia. Saa nane watu wa zahanati wanakuja kuona kazi. Isipoonekana, rudi nyumbani ukalee."

Nikaangalia. Jina langu, jina langu, jina langu.

Baba mtoto hana kazi tangu mwaka jana. Nyumba nzima inanitazama mimi.

Nikakaa. Maziwa yananichuruzika kifuani, machozi usoni. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Mpole, hakuinua hata kichwa. Huyo, nilivyosikia, ana barua mbili za onyo kwa uvivu, nikajua hapo hakuna msaada.

Saa tano. Saa sita. Naitafuta ile sehemu, siambulii kitu.

Ndipo nikakumbuka. Skrini ya ukutani inaonyesha mstari mkuu tu. Matawi ya pembeni, yale tunayofanyia majaribio, bosi aliyazima kwa sababu yanamchanganya. Na sisi tukazoea, tukasahau kama yapo.

Kwenye kompyuta yangu nikabonyeza: onyesha matawi yote.

Jamani!

Mchoro ukafumuka kama nywele zilizosukwa kwa haraka. Na pale, kabla tu ya nukta ya Ijumaa, mstari mmoja ulichepuka, ukaenda nukta tano, ukakatika. Haukurudi kuungana na mstari mkuu. Ile sehemu ya chanjo yote ilikuwa humo.

Nikasoma maneno yake. "Nimerekebisha tarehe za watoto njiti. Asante." "Nimejaribu tena, sasa inakubali. Asante."

Ofisi nzima, mtu anayeishukuru kompyuta ni mmoja tu.

"Kaka," nikamnong'oneza Mpole. "Umefanya kazi kwa jina langu?"

Akasogeza kiti karibu.

"Dada yangu alifukuzwa kazi akiwa na kichanga cha wiki sita. Nikasema wewe jina lako lisipotee ukutani, nikawa kazi zangu naziandika kwa jina lako; mashine inapokea jina lolote unaloiandikia. Ijumaa niliitoa ile sehemu nikairekebishe pembeni. Namaliza tu, naitwa kupewa barua ya pili. Akili ikaruka, sikuiunganisha."

"Na asubuhi yote unanisikia nikilia?"

"Niliogopa, dada."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kumkumbatia. Saa saba na nusu tukaunganisha tawi.

Watu wa zahanati wakaja, wakaona, wakapeana mikono na bosi. Akacheka mpaka gego la mwisho likaonekana. Walipoondoka, akasimama mbele ya skrini.

"Muoneni huyu mama. Ana kichanga, na nukta thelathini na nne! Halafu wewe Mpole, miezi mitatu, nukta mbili. Leo basi. Kusanya vitu vyako."

Mpole akanitazama, akatikisa kichwa taratibu. Nyamaza.

Na mimi nikanyamaza. Sitawadanganya. Nilimwona akiweka kikombe chake kwenye boksi, nikamuwaza mwanangu, nikanyamaza.

Akazima kompyuta yake.

"Asante," akaiambia.

Hapo nikashindwa. Vidole vikaandika vyenyewe, na ukutani ikatokea nukta mpya, wote wakaisoma: "Nukta zangu zote za likizo ni za Mpole. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Asante."

Wenzetu wakageuka kunitazama.

Bosi aliisoma mara mbili. Kisha akatufukuza wote wawili.

Leo ni wiki ya tatu niko nyumbani, na sijui mwezi huu tutaumalizaje. Ila nawaambia wenzangu mlioajiriwa: ukimwona mtu mstari wake mkavu, usimwite mvivu kabla hujauliza anamfanyia nani kazi.

Na ile nukta bado iko ukutani. Bosi ameagiza ifutwe, wenzetu wamemjibu kwamba kila wakijaribu kuifuta, inaongezeka nyingine inayosema kilichofutwa.